Siku Tano za Safari ya Matema

Jumatano: Iringa hadi Uyole

Tuliondoka Iringa saa mbili asubuhi, baiskeli ikiwa imelazwa kwenye buti la basi nasi tukiwa tumekwisha kuilipia nauli ya mtu mzima. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeifungua magurudumu, nikaifunga kwa mablanketi mawili na kamba za katani, na asubuhi nikamwomba utingo asiweke mzigo wowote juu yake. Aliitikia vizuri. Hata hivyo tulipofika Mafinga nilishuka nikakuta magunia mawili ya viazi yamelala juu ya mablanketi yangu, nikayaondoa mwenyewe bila kugombana na mtu, kwa kuwa safari ilikuwa bado ndefu na mke wangu alikuwa amenisihi tangu nyumbani kwamba wiki hii hataki kusikia ugomvi wa aina yoyote.

Kinachotupeleka Matema ni triathloni. Mke wangu ni muuguzi, ana umri wa miaka 41, na Jumamosi hii ataogelea mita 1,500 katika Ziwa Nyasa, ataendesha baiskeli kilomita 40, kisha atakimbia kilomita 10, yote kwa mfululizo na bila saa kusimama hata wakati anapofunga viatu. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika katika Olimpiki. Shindano lenyewe si kubwa: limeandaliwa na wapenda baiskeli na wakimbiaji wa nyanda hizi za juu, na walioandikishwa hawafiki 60. Kwetu sisi, hata hivyo, ni kazi ya miezi kumi na mmoja.

Mzee mmoja aliyeketi nyuma yetu, ambaye alikuwa akirudi Makambako kutoka msibani, alisikiliza maelezo yetu hadi mwisho kisha akauliza swali ambalo tumekwisha kulizoea. "Mwanangu, kukimbia tunakufahamu, tunaye Simbu aliyetuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo. Baiskeli nayo ndiyo usafiri wetu. Sasa hilo la kuogelea, mtu wa Iringa analitoa wapi?" Mke wangu aligeuka akamjibu kwa heshima zote kwamba amezaliwa karibu na Ipinda, kwamba alijifunza kuelea mtoni pamoja na wasichana wenzake waliokwenda kuchota maji, na kwamba kuogelea kwa mwendo ndiko alikojifunza ukubwani. Akamweleza pia kwamba mchezo huu, kwa jina lake la leo, ulianzia San Diego nchini Marekani tarehe 25 Septemba 1974, na kwamba ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney mwaka 2000, wanawake walishindana tarehe 16 Septemba na wanaume wakafuata kesho yake, hivyo bingwa wa kwanza kabisa wa Olimpiki katika triathloni ni mwanamke, Brigitte McMahon wa Uswisi. Anaipenda sana habari hiyo, na mimi nimeisikia mara nyingi bila kuichoka.

Huko kujifunza ukubwani nilikushuhudia. Hoteli moja mjini kwetu ina bwawa lenye urefu wa mita 20, na mtu akitaka kutimiza mita 1,500 humo inambidi alivuke mara 75. Aliye majini hawezi kuhesabu hadi 75 asipotee, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiketi kwenye kiti cha plastiki ukingoni, mfuko wa kulia wa koti ukiwa na kunde 75, na kila alipogusa ukuta nilihamisha kunde moja kwenda mfuko wa kushoto. Mimi mwenyewe siwezi kuogelea hata hatua mbili. Lakini katika miezi hiyo ya kuhamisha kunde niliujua mwendo wake majini kama ninavyoijua sauti yake: anahema upande wa kulia tu, na mkono wake wa kushoto huingia majini ukiwa bapa, ukapiga kofi dogo ambalo mwalimu wake alijaribu kuliondoa akashindwa.

Baada ya Makambako basi lilianza kutelemka kuelekea bonde la Usangu, na kuanzia Igawa hadi Chimala na Igurusi hatukuzungumza sana. Tulifika Uyole jioni, shemeji akatupokea stendi.

Nilipoiunganisha baiskeli uani kwa shemeji na kuzungusha pedali, cheni ililia na kuruka kutoka jino moja hadi jingine. Yale magunia ya viazi yalikuwa yamekipinda kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia ya nyuma. Mke wangu aliinama, akakitazama, akanyamaza, nami nikaona shingo yake imekaza. Shemeji alitupeleka kwa fundi baiskeli mmoja mwenye kibanda cha mabati karibu na njia panda, na kazi aliyoifanya nitaieleza kwa kuwa sijawahi kuiona. Aliifungua gia, akachukua gurudumu la baiskeli nyingine lenye ekseli ya nati, akaisokota ncha ya ekseli hiyo kwenye tundu lile lile lililokuwa limeshika gia, mpaka magurudumu mawili yakawa yamesimama pamoja, moja la baiskeli yetu na moja la kuazima. Kama chuma kingekuwa kimenyooka, magurudumu hayo yangekuwa sambamba. Hayakuwa. Fundi akakata kijiti, akapima mwanya wa juu, akapima wa chini, akalishika gurudumu la kuazima kwa mikono miwili na kulivuta polepole kama mtu anayefungua dirisha bovu, akapima tena. Alirudia hivyo mara sita au saba. Alipomaliza, kijiti kilipita juu na chini kwa mguso ule ule, na cheni ikazunguka bila sauti. Alitaka shilingi elfu tano. Mke wangu alimpa elfu kumi na kumshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yule fundi akainua macho kwa mara ya kwanza na kutabasamu.

Alhamisi: Uyole hadi Matema

Shemeji alituazima pikapu yake pamoja na kijana wa kuiendesha. Barabara ya Tukuyu ilikuwa na ukungu hadi Kiwira, na hatukuuona kabisa Mlima Rungwe, ingawa mke wangu alinionyesha kwa kidole mahali ulipo kana kwamba anauona. Tukuyu tulisimama kunywa chai na kununua parachichi na ndizi mbivu za kutosha siku tatu.

Ni kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu ndipo aliponipa masharti ya kazi yangu. Miaka miwili iliyopita, katika mbio ndefu za barabarani, watu waliosimama kando ya njia walimpigia kelele kwamba amekwisha kufika, naye akaamini, akatoa nguvu zake zote, kumbe zilikuwa zimebaki kilomita nne. Zile nne alizitembea huku akilia. Kwa hiyo aliniambia hivi, akitazama mbele barabarani: "Baba watoto, usiniambie nimekaribia. Usiniambie naonekana vizuri. Niambie zimebaki ngapi na nimetumia dakika ngapi. Mengine nitayajua mwenyewe." Nilikubali. Nilidhani ni jambo dogo.

Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa liko karibu mita 475, na mwili unaisoma tofauti hiyo kabla mtu hajaambiwa. Kwanza tulivua makoti, halafu sweta, halafu tukafungua madirisha yote mawili. Mashamba ya chai yaliisha, ikaja migomba, kisha minazi, michikichi na mikakao yenye matunda yaliyobandikwa kwenye shina. Tuliiacha barabara ya Kyela mjini pale Kikusya, tukashika lami ya Ipinda na Matema, karibu kilomita 39 za tambarare yenye majaruba ya mpunga. Mke wangu hakuwa akiangalia mpunga. Alikuwa akiikagua lami: wapi ina mchanga, wapi ng'ombe huvuka, wapi daraja lina kiungo cha chuma kinachoweza kukata tairi.

Jambo lililonitia wasiwasi ni joto. Wataalamu wa mazoezi wanasema mwili wa mtu aliyetoka kwenye baridi huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kulizoea joto, ili ujifunze kutoa jasho mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo zaidi. Sisi tulikuwa na siku mbili. Kazini kwake hawakuweza kumpa likizo ndefu zaidi ya hiyo, na hilo siwalaumu kwalo, kwa kuwa wodi ina wagonjwa na zamu lazima zijazwe. Kwenye baridi ya Iringa jasho hukauka na kuondoka na joto la mwili. Huku ziwani hewa imejaa unyevu, jasho halikauki bali linadondoka tu, na mwili unabaki na moto wake.

Tulifika Matema alasiri. Milima ya Livingstone inashuka pale moja kwa moja hadi majini, kiasi kwamba mtu anayetazama juu anahisi ni lazima arudi nyuma hatua moja.

Ijumaa: Matema

Asubuhi mke wangu aliingia ziwani kwa dakika ishirini tu ili azoee. Maji ni ya uvuguvugu, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuvaa suti ya mpira. Waandaaji walikuwa wameweka maboya manne yenye umbo la mstatili, mzunguko mmoja mita 750, mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na wavuvi wa Matema walikuwa wamekubali kusimama na mitumbwi yao pembezoni mwa njia. Kuhusu kichocho, ambacho kipo katika ziwa hili kwa sababu ya konokono wake, mke wangu alikwisha kuamua kama muuguzi: atasubiri wiki sita hadi nane ndipo atumie dawa ya prazikwanteli, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na haifanyi kazi vizuri kwa michanga. Alikuwa ameandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni kabla hatujaondoka.

Mchana nilizunguka na bodaboda kupima njia kwa simu. Mbio zinakwenda kilomita tano barabarani na kurudi kwa njia ile ile. Kuna mwembe mmoja mkubwa wenye kivuli kizuri, kilomita mbili na mita mia nne kutoka mahali pa kumalizia, na nikaona kwamba nikisimama hapo nitamwona mara mbili, akienda na akirudi, kisha nitawahi kurudi kwa bodaboda kumpokea. Jioni nilimweleza. Aliurudia umbali huo mara mbili kama mtu anayekariri namba ya simu.

Saa kumi tulikusanywa kusomewa kanuni. Kofia ngumu lazima ifungwe kidevuni kabla mtu hajaigusa baiskeli; hakuna kupanda baiskeli kabla ya kuvuka mstari uliochorwa; anayechoka majini anaruhusiwa kushika mtumbwi na kupumzika, lakini mtumbwi usimsogeze mbele hata kidogo. Kanuni iliyonigusa mimi ni ya mwisho: mshiriki haruhusiwi kupokea msaada wowote kutoka kwa mtu wa nje, iwe maji, chakula, pampu au mkono wa kumsukuma. Maji yanatolewa kwenye meza za waandaaji tu. Nilitazama mfuko wangu uliokuwa na ndizi, chupa mbili za maji na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, nikaelewa kwamba kesho sitakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa maneno.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoniletea mtihani wa siku. Shangazi yake mke wangu, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, anakaa kando ya barabara upande huu wa Ipinda, karibu na kigeuzio cha baiskeli. Nilipofika kwake kumsalimu nilimkuta amekwisha kupanga: ndizi za kuchemsha zilizofunikwa kwa kawa, ndoo ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kikombe cha bati chenye kifuniko. Nilikaa nilipoonyeshwa, nikanywa nilichopewa, na baada ya habari za watoto na za mvua nikamweleza kwa upole kwamba mwanawe akipokea hata funda moja kutoka kwake ataadhibiwa.

Alinitazama kwa muda mrefu. "Yaani mwanangu anapita mlangoni kwangu na jua hili, nisimpe maji?"

"Ndivyo walivyosema, shangazi."

"Na wale wengine, wana shangazi hapa?"

Nilisema hawana.

"Basi nipeleke kwa hao wenye meza. Nitawapa wote."

Nilimpeleka. Msimamizi wa kigeuzio, kijana aliyekuwa akihangaika kutafuta watu wa kumsaidia, alisimama na kumwamkia, akafurahi kupata mtu mzima mwenye ndoo safi na moyo, akamwandika kuwa mmoja wa watoa maji wa kituo. Ndizi zilibaki nyumbani. Shangazi alirudi kwake akiwa na fulana ya waandaaji mkononi, akaivaa pale pale juu ya kitenge chake.

Usiku mke wangu alipanga vitu vyake sakafuni kwa mpangilio wa kuvitumia: miwani ya kuogelea, kofia ngumu ikiwa imegeuzwa juu chini na mikanda yake imefunguliwa, viatu vilivyotiwa poda, taulo dogo la kufutia mchanga, mkanda wa namba. Alikuwa ameondoa kamba za raba na kuweka za mpira zisizohitaji kufungwa. Alivigusa vyote kimoja kimoja, akazima taa, akalala. Mimi sikulala.

Jumamosi: siku yenyewe

Filimbi ilipigwa saa moja kamili. Jua lilikuwa bado nyuma ya milima, na maji yalikuwa na rangi ya chuma. Wanawake walikuwa kumi na mmoja, wote wamevaa kofia za njano, na ndani ya dakika mbili nilikuwa nimempoteza, kwa kuwa kofia kumi na moja za njano katika maji yaliyotibuliwa na watu hamsini ni kitu kimoja tu kinachochemka. Nilitembea ufukweni kufuata kundi, nikiwa na sufuria na mwiko niliokuwa nimeazima kwa mama wa nyumba tuliyofikia, na sikuupiga hata mara moja, kwa sababu aliye majini hasikii.

Mzunguko wa kwanza ulipita hivyo. Katika mzunguko wa pili upepo mdogo uliamka kutoka kusini na mawimbi yakaanza kuvunjika karibu na boya la tatu, nami nikaona kofia moja ya njano ikiacha njia na kwenda kwenye mtumbwi. Mkono ulitokea majini ukashika ukingo wa mtumbwi. Mvuvi aliinama, akasema naye. Nilijua kwamba ni yeye. Sikuwa na sababu yoyote ya kujua hivyo, ila nilijua, na nilijikuta nimesimama ndani ya maji na viatu vyangu, mtu nisiyeweza kuogelea, maji yakinifika magotini. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Waogeleaji waliokuwa upande wa nje walikuwa wakielekea magharibi, ufuo ukiwa kuliani mwao, na ghafla katikati yao niliona uso uliogeukia upande wangu kuhema, ukazama, mkono wa kushoto ukaja juu na kushuka bapa. Lile kofi. Lilirusha maji kidogo, dogo tu, kila mikono miwili, kwa mwendo ule ule wa bwawani, na halikuwa na haraka wala hofu. Yule wa kwenye mtumbwi alikuwa mtu mwingine, na baadaye aliuachia akaendelea, namshukuru Mungu.

Alitoka majini kwa dakika 41. Nilikimbia hadi kwenye kamba inayozunguka eneo la kubadilishia, nikafika wakati anafuta mchanga katikati ya vidole. Alivaa viatu, akavaa kofia ngumu, na hapo mikono yake, iliyokuwa imelowa na inatetemeka, ikashindwa kufunga kifungo cha kidevuni. Alijaribu mara ya kwanza, ikateleza. Mara ya pili, ikateleza. Nilikuwa umbali wa hatua tatu. Kifungo kile nimemfungia mimi mara nyingi mno, asubuhi za baridi za Iringa, wakati vidole vyake vimekufa ganzi. Mwamuzi alisimama kati yetu, hakuwa mkali, alikuwa amesimama tu. "Arobaini na moja," nikamwambia mke wangu. Aliacha kuhangaika, akapumua, akakausha vidole kwenye taulo, akafunga. Akaichukua baiskeli, akakimbia nayo hadi mstarini, akapanda na kuondoka.

Kilomita 40 za baiskeli mshangiliaji hana lake. Kufuata kwa pikipiki ni marufuku, na barabara ya tambarare inammeza mtu mara moja. Nilikaa chini ya kivuli na wanaume wengine wawili na mama mmoja ambao wenzi wao walikuwa barabarani, tukazungumza maneno machache ya kujaza muda. Jua lilikuwa limekwisha kuuvuka mlima. Kabla ya saa mbili na nusu haijatimia simu yangu ililia, na kwa kelele iliyokuwepo huko nilijua ni shangazi kabla hajasema neno. "Amepita! Amepokea maji mkononi mwangu, kama wengine wote!" Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, na baadaye nilielezwa kwamba walimpigia kila aliyepita, wa kwanza hadi wa mwisho, wakiwaita wote "mwanangu".

Alirudi saa tatu na dakika 18, cheni ikiwa kimya. Chuma cha yule fundi wa Uyole kilikuwa kimeshika kwa kilomita zote 40. Niliupiga mwiko kwenye sufuria mpaka mpini ukalegea, nikamwambia muda wake wa baiskeli, saa moja na dakika thelathini na tatu, akaitikia kwa kichwa, akabadili viatu, akaanza kukimbia. Wanaojua mchezo huu wanasema hapo ndipo miguu hugeuka mbao, kwa kuwa misuli imekaa saa nzima na nusu ikizunguka pedali na sasa inaombwa kazi nyingine. Niliona hatua zake za kwanza mia moja zilikuwa fupi na ngumu, kama za mtu aliyeshuka kutoka safari ndefu.

Nilifika mwembeni kwa bodaboda kabla yake. Alipopita akienda, nilimwambia, "Zimebaki saba na mia sita, dakika kumi na nne." Akasema, "Sawa." Sauti ilikuwa yake.

Kisha nilisubiri zaidi ya nusu saa. Wanaume wa mbele walikuwa wakirudi mmoja mmoja, wamelowa kama waliotoka ziwani mara ya pili, na mmoja alisimama kwenye kivuli changu akaegemea shina, macho yamefumba, kisha akaendelea bila kusema kitu. Mke wangu alipotokea kwenye kona sikumtambua mara moja. Chumvi ilikuwa imechora mistari myeupe mashavuni mwake, midomo ilikuwa imepauka, na kichwa kilikuwa kimeinamia upande wa kushoto, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake katika mazoezi yote. Alikuwa bado anakimbia. Saa yangu ilikuwa na dakika 46 tangu aanze mbio.

"Zimebaki mbili," nikamwambia. "Kilomita mbili, mama watoto. Dakika arobaini na sita."

Aliinua macho akanitazama, muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayekimbia, akapita. Mbele kidogo, kwenye meza ya maji, nilimwona akipunguza mwendo hadi kutembea, akanywa kikombe kizima, akajimwagia kingine shingoni, akaendelea kwa mwendo wa chini zaidi.

Alimaliza saa nne na dakika 22, kati ya nguzo mbili zilizofungwa majani ya migomba. Muda wake wote ulikuwa saa tatu na dakika 22, wa sita kati ya wanawake kumi na mmoja. Alikuwa ametaka saa tatu na robo. Sasa niliruhusiwa kumshika, nikamshika, alikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Tulimlaza kivulini, tukampa maji yenye chumvi na sukari kwa vijiko, na wenzake wawili wakamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani mpaka rangi ikarudi midomoni. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Joto." Cha pili: "Ile cheni haikuruka hata mara moja."

Baada ya muda mfupi aliniomba nimsaidie kusimama. Nilidhani anataka kwenda kulala. Alikwenda barabarani, akasimama mita mia nne kutoka mwisho, mahali alipopahesabu kwa hatua zake mwenyewe, kumngojea mwanamke wa mwisho, mwalimu kutoka Njombe ambaye hawakujuana naye kabla ya jana yake. Kikomo kilikuwa muda wa saa nne tangu filimbi. Mwalimu yule alipotokea akitembea, mke wangu alimwambia kwa sauti kavu, "Mia nne. Una dakika tisa." Yule mama akaanza kukimbia. Alimaliza kwa saa tatu na dakika 56, na vigelegele vilikuwa vya shangazi, ambaye alikuwa amepanda bodaboda kutoka Ipinda na fulana yake ya waandaaji na ndizi zake za kuchemsha, ambazo sasa hakuna kanuni iliyozizuia.

Jumapili: kurudi Iringa

Kijana wa shemeji alitufikisha Uyole mapema, tukapanda basi lingine. Safari hii niliipandisha baiskeli ndani pamoja nasi, nikalipia kiti chake, na hakuna aliyebisha.

Mke wangu alilala hadi Chimala. Alipoamka alikaa kimya akitazama majaruba ya Usangu, kisha akasema bila kugeuka, "Pale mwembeni, wakati wa kurudi, uliniambia mbili."

Nikasema ndiyo.

"Mwembe uko mbili na mia nne. Ulinipimia wewe mwenyewe."

Nilimweleza ukweli: kwamba niliuona uso wake, na ile mia nne ikakataa kutoka mdomoni. Nilimwomba radhi. Nilitazamia anikasirikie, na ningestahili, kwa kuwa alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

"Nilijua wakati ule ule," akasema. "Nikajiuliza, huyu anayenihesabia kunde moja moja, leo imekuwaje anipunguzie mia nne? Nikajua basi nina hali mbaya, ila sijioni. Ndiyo maana nilitembea pale kwenye maji. Ningeendelea na mwendo ule ningeanguka."

Basi lilipanda mlima kwa gia ndogo, na baridi ya Makambako ikaanza kuingia kwenye madirisha. Aliomba sweta lake, nikamtolea kwenye begi.

"Lakini mwakani," akasema akilivaa, "unipe na hizo mia nne."

Nikamwahidi. Makambako alishuka kununua mahindi ya kuchoma, nami nikabaki ndani nimeshika usukani wa baiskeli, kwa kuwa abiria wapya walikuwa wakipanda na magunia.